Miguu ya Mibetula ya Kontiosalmi

Kijijini Kontiosalmi mti ukiugua, watu hawaulizi umepatwa na nini. Wanauliza kama Irja ameshaupitia.

Huyo Irja Pöllänen alikuwa mtunza bustani wa halmashauri miaka thelathini na nne. Mwanamke mfupi, mabega ya kubeba jeneza, na koti lake lilikuwa na mifuko mingi kuliko mahitaji. Mfuko mmoja kisu cha kukunja. Mwingine kioo cha kukuzia kilichofungwa kwa kamba ya kiatu. Wa tatu kipande cha mkate mtamu wa iliki, kimebanwa na safari mpaka kimekuwa kama mche wa sabuni. Akifika kwenye mti haongei. Anaugonga kwa kifundo cha kidole, anatega sikio, anazunguka, anatazama juu mpaka shingo inalia. Halafu anakata kipande cha mkate, anatafuna. Kama ametafuna mara moja, mti utapona. Akitafuna chote, nenda kanoe shoka.

Mchungaji aliwahi kulalamika kwamba mti wa makaburini unadondosha gundi juu ya gari lake jipya, akataka ukatwe. Irja akapanda ngazi, akashuka na jani moja, akampa kioo atazame mwenyewe. "Hao ni wadudu mafuta, mchungaji," akamwambia. "Wanakunywa utomvu kutwa nzima, na kinachoingia lazima kitoke. Mti hauna kosa. Gari lako linakojolewa tu. Liegeshe kwingine." Mchungaji akaliegesha kwingine, na Jumapili ile hakumwangalia Irja machoni.

Kuna mwaka tawi kubwa la mti mbele ya duka la mikate lilikauka, wote wakasema radi. Irja alilifuata lile tawi kutoka ncha, akilikwangua kwa kisu kila shubiri. Ndani kahawia, kahawia, kahawia, mpaka akafika chini shinani, mahali kisu kilipokutana na kijani. Hapo hapo gome lilikuwa limebonyea kama shavu la mtu asiye na meno. Mwoka mikate alikuwa akifunga baiskeli yake hapo kwa mnyororo, miaka kumi na miwili. Ndiyo ilikuwa kanuni ya Irja, na aliirudia mpaka watu wakaichoka: tawi likikauka usiliulize tawi. Shuka nalo mpaka ukutane na uhai, maana ugonjwa unakaa mpakani.

Kanuni nzuri sana. Subiri uone ilivyomgeuka.

Fahari ya kijiji ilikuwa safu ya mibetula, ile miti ya gome jeupe, kutoka barabara kuu mpaka ukumbi wa zimamoto wa kujitolea. Ukumbi huo ndio wa dansi, wa harusi na wa kahawa ya matanga. Kwa hiyo kila mtu wa Kontiosalmi amepita chini ya ile mibetula akiwa na furaha, na amepita tena akiwa analia. Ilikuwa thelathini na mmoja, nyumba moja mti mmoja, iliyopandwa miaka hamsini na mitano nyuma. Wa kwanza aliupanda Taavetti Hyvärinen alipokuwa na nywele. Wa kumi na saba aliupanda baba yake Irja, na Irja mwenyewe, mtoto wa miaka sita, ndiye aliyeushikilia usimame wima wakati baba anakanyaga udongo.

Miaka mitatu nyuma vilele vikaanza kukauka. Mti pembeni kijani, juu kabisa upara, kama kichwa cha mwenyekiti wa kijiji. Mwaka uliofuata yakaja matundu kwenye magome. Halmashauri ilikuwa imepata injinia mpya, Jarkko Tiilikainen, kijana wa mjini mwenye adabu zake, tatizo lake moja tu aliamini kila kilichochapwa. Jarkko akaleta mtaalamu, mtaalamu akarusha droni, droni ikapiga picha, na picha zikazaa ripoti ya kurasa arobaini. Ripoti ikasema ni mbawakawa wa magome. Mibetula yote thelathini na mmoja ikatwe kabla ya Juni, kabla wadudu hawajaruka. Mkutano wa wananchi Alhamisi ya mwisho ya Aprili, kwenye ukumbi ule ule.

Irja aliisoma ripoti akiwa amesimama kwenye korido ya halmashauri. Mbawakawa walikuwepo kweli, hilo hakulikataa. Lililomuuma ni kwamba hakuna aliyeigusa miti.

"Jarkko," akamwita, "ukikuta nzi kwenye maiti, utamkamata nzi?"

"Basi aliyeua ni nani?"

"Nipe wiki mbili."

"Mkutano ni baada ya wiki mbili, Irja."

"Basi tumeelewana."

Akaanza na matundu, kwa sababu tundu lina mwandiko. Theluji ilikuwa bado imelala kwenye mitaro, na Irja na kioo chake wakapita mti kwa mti. Kwenye mti wa tisa akakuta matundu mawili makubwa yaliyozibwa kwa vijiti. Hiyo ilikuwa keekee, kazi ya mtu. Aprili utomvu wa mbetula ukipanda, kuna wanaotoboa na kukinga kunywa, eti unasafisha figo. Alipomuuliza mwenye mti, mwenye mti akakohoa, akasema labda ni panya aliyenunua keekee. Lakini figo safi za mtu mmoja haziwezi kuua miti thelathini na mmoja. Penginepo akakuta vitundu vilivyouzunguka mti kama shanga kiunoni, hao ni vigogota, na kigogota huonja tu. Halafu wale wenyewe: vitundu vya kuingia njiti ya kiberiti, vimepangana wima vikipanda juu, kama vishimo vya vifungo kwenye shati. Ndio mbawakawa. Nyuma ya kila mstari kuna njia mama, handaki alimotaga jike, na pembeni yake mabuu wanakula wakisubiri joto.

Akahesabu. Mibetula kumi na mmoja ilikuwa na vifungo. Ishirini haikuwa navyo, hata kimoja. Na yote, yenye vifungo na isiyo na vifungo, ilikuwa na upara.

Kwa hiyo mbawakawa alikuwa mgeni aliyefuata harufu ya udhaifu. Nani aliyeudhoofisha mti kwanza?

Akaokota vijitawi vilivyoangushwa na upepo wa Machi. Kijitawi cha mti huacha kovu dogo la pete kila mwaka kinapoanza kurefuka, na mwenye subira anaweza kurudi nyuma pete kwa pete kama anayesoma barua za zamani. Irja alisoma jikoni kwake, miwani puani, vijitawi vimejaa meza mpaka kahawa ikakosa pa kukaa. Pete za karibuni zilikuwa na nafasi ya ukucha. Nyuma yake, nafasi ya kidole. Miaka ya mbali zaidi, kiganja kizima. Miti hii haikupigwa na ugonjwa. Ilikuwa inanyongwa polepole, miaka mingi, na mtu asiye na haraka.

Chumvi? Barabara ile haikuwahi kuona chumvi, inamwagwa mchanga. Ukame? Mibetula ya porini mita mia tu pale ilikuwa inapasua matumbo kwa afya. Siku ya kumi Irja alikuwa hana jibu, ana mkate kidogo mfukoni na hasira nyingi. Akaenda nyuma ya ukumbi, akakaa kunywa kahawa ya chupa chini ya mbetula mmoja usio na mwenyewe. Ulijiotea huko jalalani, haukupandwa na mtu, haukutunzwa na mtu, mbwa wa kijiji kizima wameukojolea, na kilele chake kilijaa machipukizi mpaka ncha.

Akamimina kahawa. Akajisogeza akae vizuri. Hapo ndipo makalio yake yalipogundua kabla ya kichwa.

Alikuwa amekaa kwenye mzizi. Mzizi mnene, umetoka kwenye shina kama goti, umekaa pale kama kigoda. Na akakumbuka kwamba ujanani, akija kuteleza thelujini na ski, alikuwa akikaa hivi hivi kwenye mzizi wa mti wa baba yake ili kufunga viatu. Mti wa kumi na saba ulikuwa na kigoda upande wa ukumbi. Alikijua kigoda kile kama alivyojua kiti cha jikoni kwao.

Kigoda kimekwenda wapi?

Aliacha kahawa inamwagika. Mti wa kumi na saba ulikuwa umeingia ardhini wima, moja kwa moja, kama nguzo ya simu. Hauna miguu. Akatazama wa kumi na sita, nguzo. Wa kumi na nane, nguzo. Mti wenye afya hutanuka ukifika chini, kama sketi. Hii yote thelathini na mmoja ilikuwa imesimama kama watu waliozikwa hadi magotini, na yeye, mganga mkuu wa miti, alikuwa ameipita miaka yote akitazama juu, maana kanuni yake ilimwambia akomee pale kijani kinapoanzia.

Akapiga magoti, akachimba kwa mikono. Mchanga. Akachimba zaidi, mchanga. Mkono ulizama mpaka kiwiko kabla vidole havijagusa kile kigoda, baridi, kimelowa, gome limelainika na kuwa jeusi. Vimizizi vyembamba vilikuwa vimepanda juu kutafuta hewa, vimelizunguka shina kama kamba. Katikati ya mchanga ule akatoa kizibo cha chupa ya sima, kile kinywaji cha ndimu tunachokunywa Mei Mosi. Akakaa chini kabisa, kizibo mkononi, kwa sababu alikuwa anajua kilifikaje pale.

Majira ya baridi gari la halmashauri humwaga mchanga barabarani watu wasivunjike viuno kwenye barafu. Barafu ikiyeyuka, mchanga unabaki. Kontiosalmi wanauzoa kwenye msaragambo wa Mei, kijiji kizima, na reki, na soseji, na sima. Zamani ulikuwa unabebwa na lori. Miaka ishirini na minane nyuma Taavetti akasema lori la nini, mibetula ile miguu yake inapata baridi, tuifunike. Kila nyumba ikaufunika mti wake. Mwaka uliofuata tena. Ikawa mashindano, nani kilima chake kimekaa duara zaidi, nani amekisawazisha kama keki. Wahenga wanasema tenda wema nenda zako. Hawa walitenda wema wakarudi kila Mei.

Na reki nani alikuwa akizileta, kutoka stoo ya halmashauri, na nani alikuwa akipita akisema hapa ongeza kidogo, hapa pamebonyea? Irja Pöllänen. Misimu ishirini na minane.

Siku tatu baadaye, asubuhi, alikwenda kwa Taavetti, ambaye sasa alikuwa na miaka themanini na sita na sikio moja zima. Alienda kumwambia. Taavetti akamkaribisha kahawa, Irja akakataa mara mbili kama adabu inavyotaka, ya tatu akakubali, na kabla hajapata pa kuanzia mzee akaanza yeye. Akasema ameishiwa vitu vya kujivunia. Mke ametangulia, ng'ombe wameuzwa, mguu wa kushoto unamjibu unavyotaka wenyewe. Kimebaki kile kibetula cha kwanza pale barabarani.

"Kila Mei nimekifunika miguu," akasema. "Binti, usiwaache wakakikata."

Huyo binti alikuwa na miaka sitini na mmoja. Akakoroga kahawa isiyo na sukari, muda mrefu, akaaga. Njia nzima alikuwa akijiambia kwamba angeweza kunyamaza. Mbawakawa walikuwepo, ripoti ilikuwepo, lawama ilikuwa na wenyewe. Angestaafu mwakani na jina lake zima, na kibao cha shukrani. Miti tu ndiyo ingeondoka.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Jarkko alionyesha picha zake ukutani, vilele vyenye upara, vitundu vilivyokuzwa mpaka vikatisha. Akaeleza vizuri, kwa kweli, na kwa huruma, akauliza kama kuna mwenye neno. Huku kwetu Savo mtu hasimami mkutanoni kusema ndiyo au hapana. Mtu huzunguka mpaka msikilizaji achoke akajijibu mwenyewe. Ndiyo maana watu walishtuka Irja aliposimama akaenda mbele na ndoo ya mchanga, akaiweka mezani kwa Jarkko, juu ya ripoti.

Akawaambia wadudu wako kwenye miti kumi na mmoja, na hiyo kumi na mmoja ni ya kukatwa kweli, kabla ya Juni, na magome yake yachomwe. Lakini ishirini haina mdudu. Inakufa kwa kukosa hewa, kwa sababu imezikwa mpaka kiwiko, na akauonyesha mkono wake kiwiko kilipo.

"Mchanga huu hakuuleta mdudu," akasema. "Tumeuleta sisi na reki. Reki nilileta mimi. Mimi ndiye nilikuwa nalipwa kujua, na sikujua. Miaka ishirini na minane nilikuwa natazama juu."

Watu walitazama viatu. Irja alibaki amesimama, mikono imening'inia, na hakumtazama Taavetti kabisa.

Kiti kikakwaruza. Mzee alikuwa anainuka, na kuinuka kwake ni safari.

"Huyu anajisifu," akasema. "Wazo la mchanga ni langu. Yeye alileta reki tu."

"Mzee, kaa chini."

"Sikai. Nina wazo moja tu maishani lililofuatwa na kijiji kizima, halafu unataka kunidhulumu."

Mtu wa nyuma akacheka puani. Halafu mwingine akasema kilima chake kilikuwa kikubwa kuliko cha Taavetti, kama ni kuua basi yeye ameua zaidi. Mwenye keekee naye akaona bora akiri figo zake. Ndani ya dakika tano kila nyumba ilikuwa inagombea hatia, na Jarkko amekaa na kalamu hewani.

"Sasa niandike nani kwenye kumbukumbu?" akauliza.

"Andika kijiji," Taavetti akamjibu. "Kijiji hakina anwani."

Jarkko, tumpe haki yake, hakuandika. Aliingiza mkono kwenye ndoo, akauchuja mchanga kati ya vidole, akamuuliza Irja kama miti ikifukuliwa itapona. Irja alisema hajui. Mingine itapona, mingine imechelewa. Jarkko akatoa masharti: kumi na mmoja ianguke kabla ya Juni, ishirini ipewe misimu miwili ya kiangazi. Isipopata majani mapya kileleni, msumeno.

Mti wa Taavetti ulikuwa na vifungo. Irja alikwenda kumwonyesha mwenyewe, akampa kioo. Mzee alitazama mstari mzima kutoka chini mpaka macho yake yalipoishia, akarudisha kioo. Akasema anaomba magogo, yakishamenywa, maana kuni ya mbetula ndiyo pekee inayomjua kwenye sauna, bafu lake la mvuke. Siku ulipoangushwa alikuwepo, kofia mkononi.

Wa baba yake Irja haukuwa na vifungo.

Mei ile msaragambo ulikwenda kinyumenyume. Irja alikataza makoleo karibu na shina, maana gome la mzizi ni laini kama fizi. Kwa hiyo kijiji kizima kilipiga magoti kikafukua kwa mikono, kwa vijiko vya supu, kwa brashi za kupakia rangi. Yeye alipita mti kwa mti akikata vile vimizizi vilivyoizunguka miti kama kamba, kidogo kidogo. Vikatoka vizibo vya sima, kifungo cha koti, jino la bandia ambalo hakuna aliyekubali kuwa lake. Jioni lori lilibeba mchanga wa miaka ishirini na minane, safari tisa, na ile mibetula ishirini ikasimama imetoa miguu nje, myeupe juu na myeusi vidoleni, kama wazee walioingia ziwani wakapandisha suruali.

Kiangazi cha kwanza hakikuonyesha kitu. Irja alistaafu bila jibu, akapewa kibao, akakitumia kufunikia pipa la mbolea. Majira ya baridi yale alipita pale kila siku na fimbo zake za ski, na aliyekutana naye hakumuuliza. Kiangazi cha pili, wiki ya kwanza ya Juni, alisimama chini ya mti wa kumi na saba na darubini. Upara ulikuwa bado upo, lakini chini yake kidogo machipukizi mapya yalikuwa yamesimama. Akaomba ngazi, akapanda, akapima moja. Urefu wa kidole. Akashuka, akatoa mkate, akatafuna mara moja, uliobaki akaurudisha mfukoni.

Mitatu kati ya ile ishirini haikufika. Kumi na saba ipo, na Jarkko akaiandika kwenye ripoti ya ukurasa mmoja. Siku hizi yeye mwenyewe akipelekwa kwenye mti mgonjwa, anainama kwanza, na mafundi wa wilaya jirani wanadhani amepoteza funguo.

Na msaragambo wa Mei iliyofuata Irja alikuja, mstaafu, na reki yake binafsi. Walizoa mchanga, walicheka, sima ikafunguliwa. Alikuwa anamsimulia mtu kuhusu mjukuu wake, akajaza koleo, akageuka, na bila kukatisha sentensi akaumwaga wote kwenye miguu ya mti wa kumi na saba, halafu akapigapiga kwa mgongo wa koleo ukae vizuri.

Reki za safu nzima zilisimama. Irja akatazama koleo, akatazama mti. Mkono wa miaka ishirini na minane hausomi ripoti. Akapiga magoti palepale, akaanza kuutoa kwa viganja, punje kwa punje, masikio mekundu.

Kijana mmoja wa mwanzo wa safu akataka kwenda kumsaidia. Taavetti, kwenye kiti chake cha kukunja pale palipokuwa na mti wa kwanza, akamzuia kwa fimbo.

"Mwache," akasema. "Mganga yuko kazini."